Kelele ya Piki: Inatoka Wapi?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa nyuzi, kaka na dada, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kunialika.

Kabla sijaanza naomba ukimya. Gitaa hili ni la umeme, na halijachomekwa popote. Napiga uzi wa nne, mara moja tu. Mmesikia? Napiga tena. Haya, niambieni: mmesikia sauti ngapi?

Wengi mnasema moja. Dada yule wa pembeni anasema mbili, na yeye ndiye aliyesikiliza. Kabla noti haijatoka, kuna kitu kilitangulia. "Tak." Kavu, fupi, imekwisha kabla hujaitambua. Noti ikaja nyuma yake. Hiyo "tak" ya piki, kile kibamba kidogo tunachopigia nyuzi, pamoja na ndugu zake wawili, "kwaru" ya kukwaruza na "chwi" ya kuteleza, ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Nimepiga gitaa miaka mingi, na nimewatengenezea watu magitaa karibu muda huohuo, na sijaona jambo linalowahangaisha wapiga gitaa na kuwamalizia fedha bure kama hili.

Kwa sababu mtu akiisikia kelele hiyo, hufanya nini? Hununua. Hununua nyuzi mpya. Kelele ipo. Hununua pikapu nyingine, kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtikisiko wake. Kelele ipo. Hubadilisha ampu, yaani kikuza sauti. Kelele ipo. Mwisho huuza gitaa, ananunua jingine, na kelele inamfuata hadi kwenye gitaa jipya. Kwa nini imfuate? Kwa sababu hakuuliza swali la kwanza: inatoka wapi?

Nitawasumbua na swali hilo mpaka niondoke hapa. Inatoka wapi?

Nianze na kijana mmoja aliyenijia na gitaa begani, amekata tamaa kabisa. "Mwalimu, gitaa langu linagonga." Alikuwa amebadilisha nyuzi mara tatu na pikapu mara moja. Nikamwambia, mwanangu, chomeka, upige kama unavyopiga nyumbani. Akachomeka, akapunguza ampu mpaka ikawa inanong'ona tu, kwa maana yeye hupiga usiku wenzake wakiwa wamelala. Akapiga. Kweli: tak, tak, tak, kila noti na kishindo chake. Sikugusa gitaa. Nilichukua hedifoni zile kubwa zinazofunika sikio zima, nikazichomeka kwenye ampu ileile, nikamvisha yeye, kisha nikalichukua gitaa nikapiga mimi, kwa piki yake, kwa nguvu ileile yake.

Uso wake ukabadilika. Kelele haikuwepo.

Ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Haikuwa kwenye waya tangu mwanzo, ilikuwa hewani. Gitaa la umeme lisilo na tumbo bado lina sauti yake ya mbao na chuma, ndogo, kali, na sikio la mpigaji liko karibu sana na nyuzi zenyewe. Ampu ikinong'ona, sikio linasikia vitu viwili kwa wakati mmoja: noti kutoka kwenye spika, na kishindo cha piki kutoka mikononi. Huyu kijana alibadilisha pikapu kwa ajili ya sauti ambayo pikapu haikuwahi kuipokea hata siku moja. Fikirini hilo.

Kwa hiyo jaribio la kwanza, kabla hujashika bisibisi, ni kutenganisha hewa na waya. Vaa hedifoni zinazoziba. Au rekodi kwa kupitia waya, gitaa liingie moja kwa moja kwenye mashine, kisha kaa mbali na gitaa usikilize ulichorekodi. Usirekodi kwa simu uliyoiweka mezani, kwa sababu maikrofoni ya simu itachukua vyote viwili na utabaki palepale. Au mwombe mwenzako apige, wewe usimame upande wa pili wa chumba karibu na spika. Kama kelele imetoweka, ongeza sauti ya ampu kidogo au vaa hedifoni, na umemaliza. Nenda kafanye mazoezi. Wapo humu ndani ambao shida yao imekwisha sasa hivi, na hawakutoa hata senti.

Lakini kama umeisikia kwenye rekodi? Basi tuendelee. Inatoka wapi?

Hapa lazima tukubaliane pikapu ni nini, maana watu wengi wanaichukulia kama maikrofoni. Siyo. Pikapu haina masikio. Ni sumaku, na juu yake maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele. Inachohisi ni chuma kinachotikisika karibu yake. Tazameni: ampu imewashwa, sauti iko juu, nimeziba nyuzi zote kwa kitambaa. Naipunga piki hii ya plastiki juu ya pikapu. Kimya. Naipunga tena, karibu zaidi. Kimya. Plastiki haionekani kwa pikapu. Nikichukua piki ya chuma cha pua chenye kuvutwa na sumaku, hapo mtasikia, kwa sababu piki yenyewe imekuwa chuma kinachopita mbele ya sumaku.

Sasa, kama plastiki haionekani, "tak" ya plastiki imeingiaje kwenye waya? Imebebwa na uzi. Piki imeukwaruza uzi, uzi umetetemeka kwa ule mkwaruzo, na pikapu imesoma mtetemo huo kwa uaminifu wote. Kwa maneno mengine, kelele nyingi ya piki inazaliwa mahali padogo kuliko punje ya mchanga, pale ncha ya piki inapoachana na uzi. Nitakaa hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo penye mambo mengi.

Nilikuwa studio, zamani kidogo, narekodi mistari ya solo ya polepole. Kila nikipita uzi wa nne kulikuwa na "chwi" kabla ya noti, kama mtu anavuta pumzi kati ya meno. Nikasema ni nyuzi. Tukabadilisha nyuzi. "Chwi" ikazidi, maana nyuzi mpya zina makali zaidi. Nikaanza kulilaumu gitaa. Fundi wa sauti, mtu wa maneno machache, akatoka kwenye kile chumba chake cha kioo, akaniomba piki. Akaiinua juu ya taa ya meza, akaigeuza taratibu, kisha akanirudishia bila neno na kuniashiria nitazame mwenyewe.

Nikatazama. Ukingo wa piki, upande wa kushoto wa ncha, ulikuwa na vijino. Vidogo, vimepangana kama meno ya msumeno wa kukatia chuma. Nilikuwa nimeitumia piki ile miezi mingi bila kuigeuza, na nyuzi nene zilikuwa zimeichonga. Kila nilipopiga, nilikuwa napitisha msumeno juu ya uzi uliozungushiwa waya.

Mnajua nyuzi zetu zilivyo. Katika seti ya kawaida ya gitaa la umeme, uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu ni waya mtupu, laini. Wa nne, wa tano na wa sita una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine, na mzunguko ule unaacha matuta. Pitisha ukucha kwa urefu wake: "kwaruuu." Ukucha unahesabu matuta. Piki yenye vijino inayahesabu pia. Ndiyo maana mtu anayelalamika kelele ya piki nitamuuliza kwanza: iko kwenye nyuzi zote, au nyuzi tatu za juu tu, zile nene? Akisema nene tu, najua tayari tunatafuta mkwaruzo, na najua tunautafuta kwenye ukingo wa piki na pembe ya mkono.

Fundi yule akanipa kipande cha msasa laini sana, namba 1000, akaniambia nisugue ukingo kwa duara ndogo, halafu nimalizie kwenye kitambaa kigumu cha suruali yangu mpaka ukingo ung'ae. Dakika tano. Tukarudi kurekodi, na "chwi" ilikuwa imepungua kiasi kwamba niliisikia tu kwa kuitafuta. Tangu siku hiyo, piki zangu nazipitisha chini ya taa kila wiki, na naomba nanyi mfanye hivyo. Itoe piki yako mfukoni sasa hivi. Iinue kwenye mwanga. Ina vijino? Nawaona baadhi yenu mnacheka. Ina vijino!

Kingine ni pembe. Piki inaweza kuukabili uzi kwa ubapa, uso mzima kwa mpigo, au kwa kuinama ili ukingo utangulie. Kila moja ina malipo yake, na hapa watu hudanganyana sana. Ukipiga kwa ubapa, mkwaruzo unapungua lakini "tak" inakua, kwa sababu uso mpana unaukamata uzi na kuuachia ghafla. Ukiinamisha piki, "tak" inalainika, uzi unateleza kwenye ukingo na kutoka kwa upole, lakini sasa ukingo unatembea juu ya matuta ya nyuzi nene na "kwaru" inaanza. Kwa hiyo mtu akikuambia "inamisha piki, kelele itaisha," muulize: kelele ipi? Kwenye nyuzi laini, inamisha. Kwenye nyuzi nene, punguza mwinamo. Mikono mizuri hubadilisha pembe katikati ya mstari bila mwenyewe kujua. Ukirekodi polepole ukajisikiliza, utaijua pembe yako, na utaweza kuichagua.

Halafu kuna kelele ambayo watu wachache huitambua, na mimi naiona kuwa ya hila kuliko zote: kugusa uzi ambao bado unaimba. Chukulia uzi wa tano, ukiwa wazi. Unatikisika mara 110 kwa sekunde. Sasa unataka kuupiga tena, unaileta piki mapema, unaipumzisha juu yake kwa moja ya ishirini ya sekunde. Muda mfupi, siyo? Katika muda huo uzi umejipigapiga kwenye piki mara tano au sita kabla haujanyamaza. Hiyo ndiyo "zzt" unayoisikia katikati ya noti zinazojirudia. Piki mpya haitaiondoa, wala pikapu mpya. Dawa yake ni mkono: piki ifike na ipite kwa mwendo mmoja, isitue. Kama unahitaji kituo, nyamazisha uzi kwanza kwa kiganja, kwa nyama laini ya pembeni ya mkono, ndipo piki iguse.

Na kina. Piki ipite chini ya uzi kiasi gani? Wengi wanazamisha nusu ya piki, kama mtu anayechimba. Jaribu ncha tu, milimita mbili hivi, na ulegeze vidole. Piki iliyobanwa kwa nguvu haipishi njia, hivyo uzi ndio unaolazimika kupiga kona yote, na kona hiyo ina sauti.

Unene nao una neno lake. Piki nyembamba, kama ya milimita 0.46, hujikunja kisha ikachapa kurudi mahali pake, na ule mchapo una "flap" yake ya peke yake, hasa ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa haraka. Nene, ya milimita 1.5 au 2, haina mchapo, na kama ukingo wake umechongwa ukalainishwa, inatoka kwenye uzi kimya kabisa. Lakini nene yenye ukingo mkali ni mbaya kuliko nyembamba. Kwa hiyo usiangalie namba peke yake. Wazee wa zamani walitumia gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, na wengi husema hakuna kilichotoka kwenye uzi kwa ulaini kama lile. Ng'amba aliwindwa mpaka akakaribia kutoweka, na mkataba wa kimataifa wa CITES ukaiwekea marufuku biashara ya gamba lake katika miaka ya 1970. Ni jambo jema, na sitaki kumsikia mtu humu akilitafuta. Seluloidi, nailoni na plastiki ngumu za siku hizi zinatosha kabisa, kila moja na sauti yake: nailoni ni ya upole, plastiki ngumu ing'aayo ni ya haraka na angavu.

Upande wa pili kabisa wa ng'amba yuko Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ambaye hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita. Sarafu hiyo ina ukingo wenye vijino, vya makusudi, na anavitumia. Akitaka mkwaruzo anauleta kwenye uzi, asipotaka anaulegeza mkono. Yaani kile kilichoniharibia mimi siku nzima ya studio, yeye amekifanya kuwa sehemu ya sauti yake inayojulikana dunia nzima. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Na kabla sijaachana na mkono: unapiga wapi? Karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, uzi ni mgumu, sauti ina makali, na kila mguso wa piki unaonekana. Sogeza mkono sentimita tatu kuelekea shingoni na usikilize. Sentimita tatu tu.

Tumemaliza mkono. Umelainisha piki, umerekebisha pembe, na bado? Inatoka wapi?

Dada mmoja niliyepiga naye kwenye kundi alikuwa na "tok" ya ajabu. Haikuwa kwaru, haikuwa chwi. "Tok", kama mtu anayebisha mlango wa mbao, na ilikuja katika nyimbo za haraka tu. Nikamwomba apige polepole: hakuna. Haraka: ipo. Nikapiga magoti mbele yake nikautazama mkono wake kwa karibu. Akipiga haraka, mkono ulizidi kushuka, na ncha ya piki ilikuwa ikigonga kifuniko cha pikapu ya katikati, kila mpigo wa kushuka. Kifuniko kilikuwa tayari na alama, kijia cheupe cha mikwaruzo, na hakuwa amekiona kwa sababu mpigaji halioni gitaa lake kwa mbele.

Lakini nimetoka kuwaambia kwamba pikapu haina masikio. Mbona ikasikia plastiki ikigonga plastiki? Swali zuri. Waya wa ndani ukilegea, ukipata nafasi ya kutikisika ndani ya uga wa sumaku yake mwenyewe, pikapu inageuka kuwa maikrofoni mbovu. Igonge, itasema. Kwa ajili hiyo watengenezaji wengi huichovya pikapu kwenye nta iliyoyeyushwa ili ijaze kila mwanya na waya usisogee. Pikapu nyingi za zamani, zikiwemo hambaka, yaani pikapu zenye koili mbili, za kampuni ya Gibson za mwishoni mwa miaka ya 1950, hazikuchovywa, na wapo wanaozipenda kwa hilo hilo.

Jaribio lake ni rahisi. Ziba nyuzi zote kwa kitambaa, zisitoe hata pumzi. Gonga kifuniko cha pikapu kwa ncha ya piki, taratibu. Kisha gonga ile plastiki inayokinga mbao zisikwaruzwe. Kisha gonga mwili wa gitaa. Pikapu yenye afya itatoa mlio hafifu. Ikikurudishia "tok" kubwa kwenye spika, umeipata. Na hapo fungua macho: usikimbilie kuyeyusha nta jikoni. Nta ya mafuta inashika moto, kwa hiyo huyeyushwa kwa chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, haiwekwi juu ya moto wenyewe, na joto halizidishwi nyuzijoto 65 za Selsiasi hivi, la sivyo plastiki ya ndani inapinda na pikapu imekufa. Mpe fundi anayeifanya kazi hiyo kila siku. Dada yetu hakuhitaji nta. Tulishusha pikapu ya katikati kwa bisibisi, mizunguko miwili, na "tok" ikafa siku hiyohiyo.

Urefu wa pikapu una kipimo cha kuanzia. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, yaani kile kipau cha chuma cha mwisho shingoni, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Milimita mbili hadi mbili na nusu ni pazuri pa kuanzia. Ikiwa juu mno, piki inaigonga, na zaidi ya hayo sumaku inauvuta uzi na kuuharibia mtikisiko.

Mengine nayapitia upesi. Kidole kidogo kilichotua kwenye plastiki kikigonga kwa mdundo. Pete. Kucha za vidole vingine zinazopitia nyuzi. Skrubu iliyolegea kwenye daraja, au springi za nyuma kwenye daraja la kuyumba, ambazo huamka kila ukipiga na kuendelea kulia "dzing" baada ya noti kuisha. Kipande cha sponji chini yake kinatosha. Na kama unachosikia ni "krrk" ya kupasukapasuka unapoisugua plastiki ya mbele kwa vidole, hiyo ni umeme tuli, hasa hewa ikiwa kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikirudi, fundi abandike karatasi ya bati nyuma ya plastiki na kuiunganisha na waya wa ardhi.

Mkono ni safi. Gitaa ni safi. Bado? Basi ni njia ya baada ya gitaa, na hapa mara nyingi kelele haikuzaliwa, imelelewa.

Kundi moja la vijana waliniletea rekodi. Wamepiga vizuri mno, mkono umetulia, lakini gitaa lilinichoma masikio. Kila noti imevaa miiba. Nikauliza, mmerekodije? "Tumechomeka gitaa kwenye kadi ya sauti moja kwa moja." Na ampu? Programu ya kuiga ampu. Na spika? Wakatazamana. Walikuwa wameiga ampu wakaisahau spika.

Ndugu zangu, spika ya gitaa ya inchi 12 ni kichujio. Ikipita hezi 5,000 hivi, yaani mitikisiko 5,000 kwa sekunde, inaanza kushuka, na kwa kushuka huko inaficha sehemu kubwa ya makali ya piki. Masikio yetu yamezoea gitaa lililopita kwenye spika ya namna hiyo. Ukiiondoa, unasikia kila kitu kilichokuwa kimefichwa, na hakuna aliyekosea kupiga. Tukawasha sehemu ya kuiga spika kwenye programu ileile waliyokuwa nayo. Miiba ikaanguka. Hawakurekodi upya hata noti moja.

Disto nayo, ile sauti ya kukwaruza inayotengenezwa kwa makusudi. Ukizidisha geini, yaani nguvu inayoongezwa kwenye sauti inayoingia, sauti ndogo zinapandishwa zikaribie kubwa, na mkwaruzo uliokuwa mnong'ono unakuwa sauti ya mtu mzima. Punguza geini kidogo kuliko moyo wako unavyotaka, kisha usikilize. Kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa, ni hatari zaidi kwa sababu wengi huiweka kwa nia ya kulainisha. Ina muda wa kushika, yaani inavyochelewa kabla ya kuanza kubana. Ukiuweka milisekunde 30, "tak" inapita yote mlango ukiwa wazi, kisha mlango unafungwa usoni mwa noti. Matokeo yake ni kishindo kikubwa na noti ndogo. Uweke milisekunde moja au mbili na "tak" inakamatwa nayo. Na kabla ya mashine zote hizo kuna kitufe cha toni kwenye gitaa lenyewe, ambacho watu wengi wamekiacha kwenye 10 tangu walipolinunua. Kirudishe 7. Ni bure.

Nimeahidi kurudi kwenye sarafu ya peni sita.

Kuna mara moja nilishinda vita hii kupita kiasi. Nilikuwa nasafisha rekodi ya rafiki yangu, na kwa bidii yangu nilikata kila kilichokuwa kati ya hezi 2,000 na 5,000, nikabana mwanzo wa kila noti, nikalainisha mpaka hakuna "tak" hata moja iliyobaki. Nikampelekea kwa furaha. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nani anapiga hapa?"

Semeni nami neno "karibu". Sasa liseme bila konsonanti. A-i-u. Semeni "rafiki" bila konsonanti. A-i-i. Mmesikia? Irabu ndizo zinazoimba, lakini konsonanti ndizo zinazotuambia neno limeanza, na nani analisema. Noti ni irabu. Mguso wa piki ni konsonanti. Hata Wes Montgomery, yule mpiga gitaa wa jazi aliyepiga kwa kidole gumba bila piki kabisa, noti zake zina mwanzo. Ni mwanzo wa nyama badala ya plastiki, lakini upo, na ukisikia mbili tu unajua ni yeye. Nilikuwa nimemkata rafiki yangu ulimi. Nikarudisha nusu ya nilichokata, na kile nilichorudisha ndicho kilichomrudisha yeye.

Kwa hiyo nikiuliza inatoka wapi, simaanishi kila inayopatikana iuawe. Namaanisha ujue ipi ni ya uzi kukwaruzwa na meno ya piki iliyochoka, ipi ni ya pikapu kugongwa, ipi ni ya spika iliyosahauliwa, na ipi ni wewe. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, usikilize, ndipo uguse cha pili. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kelele ikaisha, hujajifunza chochote, na ikirudi utaanza upya.

Muda wangu umekwisha, lakini mzee aliyekaa safu ya nyuma, pale karibu na dirisha, alinishika mkono nilipokuwa naingia akaniambia gitaa lake lina kelele iliyomshinda miaka miwili, na nikamwahidi hatutaondoka bila kulitazama. Mzee, tafadhali pita mbele. Vijana, mpisheni. Piki yako unayo? Nipe kwanza niione kwenye taa. Asante. Ukingo huu ni mzuri, umeutunza.

Basi siyo hapa. Tusogee. Naomba mtu aizime ampu. Naomba ukimya tena, wote.

Piga uzi wa nne, mzee.